Akiacha Pikipiki ya Mbio, Amuuzie Nani?

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa mwambao kwa asili, ambaye kazi imempeleka bara na sasa akaa Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret. Jina lake hatulitaji, kwani hakutupa ruhusa. Asema kwamba kwa miaka minne amekuwa akipanda pikipiki ya mbio ya Kijapani, yenye silinda nne na ukubwa wa karibu 600cc, na sasa nia yake ni kuiacha na kuchukua ile yenye silinda mbili zilizokaa kwa umbo la herufi V, ambayo haina mbio kama hizo lakini yavuta kwa nguvu tangu mwendo wa chini. Marafiki zake wamemcheka. Wamwambia kwamba amezeeka kabla ya wakati wake, na kwamba akimbia kitu alichoshindwa kukitawala. Atuuliza: mtu aachapo kitu kwa kuwa ajiogopa nacho, je, hiyo ni busara au ni woga?

Hilo ndilo suala lake. Lakini chini kabisa ya barua, baada ya salamu, ameongeza mstari mmoja, kama mtu atoaye khabari ya mvua: kwamba mnunuzi amekwishapatikana, naye ni kijana wa jirani, umri wake miaka kumi na tisa, na bei atoayo yapita ya wengine wote. Sisi twaona kwamba suala zito limo katika mstari huo ambao yeye hakuuuliza. Kwa hivyo tutamjibu aliyouliza, kisha tutamjibu na asiyouliza.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema: kurasa hizi na pikipiki, wapi na wapi? Twawaomba wasimame milangoni mwao asubuhi moja wakahesabu. Tangu yapata mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi 250cc, chombo hiki kimeingia katika kila mtaa, bara na pwani. Ndicho kimpelekacho mtoto skuli na mgonjwa hospitali. Ndicho kileteacho unga dukani, na mara nyingi ndicho kipelekacho khabari ya msiba kwa jamaa walio mbali. Ni kweli kwamba pikipiki ya 600cc ni starehe ya watu wachache wenye uwezo. Lakini haraka ni ile ile, na yule akimbizaye pikipiki ya 150cc katika njia ya Likoni au Kisauni atayaona mambo yake katika maneno haya bila ya kutajwa.

Kwa aliye Mombasa au Malindi ambaye hajapanda bara, yafaa aujue mji wenyewe. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Watu wa huko waliuita Sisibo, kwa sababu ulianzia katika shamba la nambari 64 zama za walowezi, na tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji, la tano katika Kenya. Kiplombe ni wadi katika eneo bunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Nusu yake mji, nusu yake shamba. Nyumba za kupangisha zapakana na mahindi. Asubuhi hupita bodaboda na mitungi ya maziwa, na wakati wa mavuno hupita na magunia, na watoto wa skuli hutembea ukingoni mwa njia kwa kuwa mahali pengi njia ya miguu hakuna. Mvua ikinyesha, murram hugeuka utelezi, na hapo hata fundi wa miaka ishirini hushusha miguu yote miwili chini.

Na hewa ya huko ni nyepesi. Uzito wake ni kama asilimia 80 tu ya hewa ya kwetu baharini. Injini nayo yavuta pumzi kama sisi tuvutavyo. Ikipata hewa pungufu, yapoteza nguvu, na kwa mwinuko wa Eldoret hasara hiyo yakaribia sehemu moja katika tano. Injini za kisasa zapima hewa zenyewe na kupunguza petroli ipasavyo, lakini haziwezi kuumba hewa isiyokuwako. Basi mwenye pikipiki ihitajiyo kuzungushwa sana ili ivute, akifika Kiplombe huona chombo chake kimelegea chini, naye hukizungusha zaidi ili akipate kile alichokuwa akikipata Mombasa. Jambo hili dogo tulikumbuke.

Sasa na tueleze tofauti ya vyombo hivi viwili, kwani kuhukumu kitu usichokijua ni dhuluma kwa kitu na kwa mwenyewe.

Wazee wetu wamewahi kumwona ngamia azungushaye kinu cha mafuta. Alikwenda polepole, macho yamefunikwa, na ule mti ulikuwa ukisaga kwa sababu kila hatua ilikuwa na uzito ndani yake. Kisha mtazame fundi cherehani: gurudumu lake lazunguka haraka mno hata macho hayalifuati, lakini mtoto aweza kulizuia kwa kiganja. Kazi itokayo katika chombo chochote kizungukacho ni mambo mawili yaliyozidishwa: nguvu iliyomo katika mzunguko mmoja, na hesabu ya mizunguko kwa dakika. Mtu aweza kuipata kazi kubwa kwa kuongeza lile la kwanza, au kwa kuongeza la pili. Watengenezaji wa pikipiki za mbio wamechagua la pili.

Twaa mfano wa Yamaha R6, yenye 599cc. Nguvu yake ya kuzungusha, kwa kipimo cha wahandisi, hufika takriban nyutoni-mita 66. Lakini hufika hapo baada ya injini kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja. Kisha twaa Harley-Davidson Sportster ya 883cc, ya silinda mbili za umbo la V. Yake hufika kama nyutoni-mita 70, tena kabla mizunguko haijatimia 4,000. Mtu akiziona hesabu hizi mara ya kwanza hushangaa, kwani katika nguvu ya mzunguko mmoja hazikupishana sana, na huku kwa hesabu ya nguvu za farasi ile ya Kijapani yapita 110 na ile ya Kimarekani ni kama 50 tu. Tofauti yote yatokana na wingi wa mizunguko. Pistoni ya R6 ina upana wa milimita 67, na safari yake ya juu na chini ni milimita 42.5 tu, hatua fupi, kwa hivyo yaweza kukimbia. Pistoni ya Sportster ina upana wa milimita 76.2 na husafiri milimita 96.8, mchi mrefu, ambao hauwezi kutwanga haraka bila ya kuvunjika.

Hapa tutahadhari na kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba umbo la V ndilo litoalo upole. Sivyo. Mwaka 1990 Mfaransa Raymond Roche alipata ubingwa wa dunia wa mashindano ya Superbike juu ya Ducati ya silinda mbili za umbo hilo hilo. Kinachoamua ni vile injini ilivyopangwa: urefu wa safari ya pistoni, jinsi vali zifungukavyo, na pale alipotaka mtengenezaji nguvu ipatikane. Ndugu yetu ameieleza vizuri ile aitakayo, nayo ni ya kuvuta chini. Lakini mwenye kumwiga asiende dukani akaitazama herufi peke yake.

Kuna kisa kimoja cha pikipiki hizi za mbio ambacho twakipenda, ijapokuwa hakikutokea kwetu. Ile R6 ya mwaka 2006 ilipotoka, ilitangazwa kwamba injini yake yaweza kuzunguka hadi mara 17,500 kwa dakika, na saa iliyo mbele ya mpandaji iliandikwa hivyo. Ulimwengu wa wapenda mbio ukastaajabu. Baada ya muda mfupi kampuni yenyewe ikakiri kwamba saa ile ilisoma zaidi ya kweli, na kwamba injini ilikuwa chini ya hapo kwa zaidi ya mizunguko elfu moja. Na wale wanunuzi wa Marekani ambao hawakuridhika wakaambiwa wazirudishe warejeshewe fedha. Lenye kutushughulisha hapa ni wapandaji. Kabla ya kampuni kusema neno, pikipiki ilikuwa ile ile, mbio zile zile, barabara ile ile. Lakini mtu alifurahi kwa sababu ya sindano. Walioirudisha walirudisha nini, ikiwa chombo hakikubadilika hata kidogo?

Turudi kwa suala la kwanza. Marafiki wa ndugu yetu wana hoja, wala si vyema tuipuuze. Wasema: chombo hakina dhambi, mkono ndio uvutao mafuta. Mwenye nafsi yenye kutulia atatulia juu ya pikipiki ya mbio, na mwenye haraka atavunjika hata juu ya baiskeli. Basi abadilishaye chombo ameacha kuitengeneza nafsi, akatengeneza mlango wa banda. Na wengine huongeza kwamba ushujaa wa mtu hupimwa na kitu chenye kumshinda. Ukikiondoa, umeondoa na kipimo.

Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kama kila chombo kingekuwa kimya. Lakini vyombo havikunyamaza. Kila chombo kina mahali ambapo humpa mwenyewe raha yake, na kwa raha hiyo humfundisha. Pikipiki ya mbio katika mizunguko 4,000 ni kitu kikavu. Yaenda, lakini haina ladha, na mwenyewe huhisi kama amemfunga kamba mnyama atakaye kukimbia. Ladha yake iko juu ya elfu kumi. Na sasa msomaji asikie hesabu hii: pikipiki za namna ya R6, zikiwa katika gia ya kwanza peke yake, zaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa kabla ya injini kufika mwisho wa mizunguko yake. Gia ya kwanza, na nyuma yake zimebaki tano! Sheria ya Kenya mjini ni kilomita 50. Basi mtu akaaye Kiplombe, ambaye kila siku apita kati ya watoto na mitungi ya maziwa, hawezi kukionja kile alichokinunua hata mara moja kwa njia ya halali tangu mlangoni mwake hadi kazini. Kila siku amepewa mambo mawili: ama avunje sheria, ama arudi nyumbani na kiu. Na ile hewa nyepesi tuliyoitaja huiongeza kiu hiyo.

Mtu mwenye azma atasema: nitarudi na kiu. Atarudi leo na kesho. Lakini twajua sote namna nafsi inavyohesabu. Siku ya arubaini itamwambia: barabara ni tupu, ni Ijumaa alfajiri, mara moja tu. Kwa kilomita 100 kwa saa chombo hukata karibu mita 28 katika sekunde moja, yaani kabla ya jicho kumpa mkono khabari ya mtoto aliyeteremka ukingoni, mita hizo zimekwisha. Na mbio zikizidi mara mbili, njia ihitajiwayo na breki huzidi mara nne. Mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu, ambao hawakuwa na chombo cha kujivunia wala sindano ya kutazama.

Kwa hivyo twasema: aliyeujua udhaifu wake akakiondoa kichocheo, hajaikimbia nafsi yake. Ameishika mahali inaposhikika. Mtu aliyeapa kuacha kamari haambiwi akae ndani ya nyumba ya kamari ili aonyeshe ushujaa. Na huo ushujaa wautajao marafiki wa ndugu yetu una aibu moja: gharama yake haikulipwa na shujaa peke yake. Nahodha apendaye kucheza na tufani peke yake ndani ya dau ni jambo lake na jamaa zake. Akipakia abiria, mchezo umekwisha. Na barabara ya Kiplombe ina abiria ambao hawakupakiwa na mtu.

Lakini tusimsifu ndugu yetu kupita kiasi. Pikipiki ya kuvuta chini ina hila zake. Kwanza ni nzito: ile ya 883cc yapita kilo 250, ambapo ya mbio ni kama 190, na uzito huo juu ya murram iliyolowa si rafiki. Pili, nguvu yake ipo wakati wote, bila ya kuitwa kwa kelele. Mpandaji aliyezoea injini isiyofanya kitu hadi izungushwe huufungua mkono kwa ile desturi ya zamani akitoka katika kona, na gurudumu la nyuma huteleza kabla hajajua. Tatu, na hili twalisema kwa tabasamu, wako watu waliotoka katika kiburi cha mbio wakaingia katika kiburi cha sauti. Hukata eksozi, wakapita saa nne za usiku mbele ya nyumba ya mgonjwa wakinguruma kama simba, wakajiona kwamba wao sasa ni watu wazima waliotulia. Ikiwa hiyo ndiyo hijra ya ndugu yetu, heri abaki alipo.

Haya ni juu ya suala aliloliuliza. Sasa tuje kwa kijana.

Tulipoisoma barua hii katika kikao chetu, hatukuafikiana, na twaona ni uaminifu kuwaeleza wasomaji jinsi ilivyokwenda. Mmoja wetu, ambaye ni mfanyabiashara, alisema kwamba hapa hapana suala lolote. Pikipiki ni nzima, breki ni nzima, hati zake ni safi, muuzaji ni mwenye mali, mnunuzi ni mtu mzima mwenye leseni, na bei wamepatana. Aibu ya bidhaa ambayo muuzaji amelazimishwa kuidhihirisha ni ile iliyomo ndani ya bidhaa: ufa, kutu, mafuta yavujayo. Je, tutamlazimisha na muuza visu aulize kila mteja hasira zake? Biashara yote itasimama. Akaongeza, na maneno haya yalikuwa na uzito, kwamba kijana akikataliwa hapa atapanda matatu kwenda Nairobi na kununua nyingine mbovu kuliko hii kwa mtu asiyemjua, na hapo tutakuwa tumemwongezea hatari.

Mwingine akajibu kwamba mfano wa kisu haukufaa, kwani muuza visu hamjui mteja, na huyu amjua. Amemwona akikua. Naye amekijua chombo kwa miaka minne, akakiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba kimemshinda, yeye mtu wa makamo, mwenye wake na watoto wamngojao. Elimu hiyo haikuandikwa katika hati ya pikipiki, wala fundi hawezi kuiona akifungua injini. Iko katika kifua cha muuzaji peke yake. Akiinyamaza akachukua bei iliyo bora, amekiuza chombo na ameificha aibu yake.

Sisi, baada ya kuyapima, tumeegemea upande wa huyu wa pili, na sababu yetu ni hii. Aibu ya bidhaa haikukaa siku zote ndani ya bidhaa. Dawa iliyo nzima ni sumu kwa mtu fulani, na mwuza dawa ajuaye hilo hawezi kusema kwamba chupa haikuwa na ufa. Ndugu yetu anaiacha pikipiki hii kwa kasoro moja tu, nayo ni kwamba humvuta mpandaji aende mbio asizoweza kuzidhibiti katika njia za Kiplombe. Na kasoro hiyo haipungui akiishika kijana wa miaka kumi na tisa aliyejifunza juu ya Boxer, itazidi. Boxer ya 150cc, ambayo kijana huyu ndiyo aijuayo, ina nguvu za farasi kama 12. Atoka hapo aende kwenye zaidi ya 110, katika siku moja, kwa sahihi moja.

Wenzetu wa Ulaya waliliona jambo hili wakalitungia sheria. Tangu Januari 2013 kijana wa huko mwenye miaka 18 haruhusiwi kuendesha pikipiki ipitayo kilowati 35, yaani kama nguvu za farasi 47. Na ile isiyo na mpaka hupewa baada ya miaka miwili ya uzoefu na mtihani mwingine, au akiwa mtu wa miaka 24. Kwetu, leseni ya pikipiki hutolewa kuanzia miaka 18, na akishaivuka ile ndogo ya 50cc hapandishwi ngazi kwa ngazi. Basi pale sheria ilipoacha pengo, muuzaji ndiye aliyesimama penye pengo. Hatusemi kwamba ni haki abebe mzigo huo. Twasema kwamba hapana mwingine aliye karibu.

Lile la Nairobi tumelifikiri sana. Ni kweli kijana aweza kwenda. Lakini hoja ya kwamba ubaya utafanywa na mwingine nisipoufanya mimi ni hoja iliyofungua milango mingi katika mji wetu, tangu kwa wakodishao vyumba kwa biashara wazijuazo mpaka kwa wauzao miraa kwa watoto wa skuli, na kila mmoja wao huitoa kwa maneno hayo hayo. Tena njia ya Nairobi ni ndefu. Yataka safari, yataka fedha zote kwa pamoja, yataka kumwambia baba. Pikipiki iliyo nyuma ya ukuta wa jirani yataka hatua ishirini. Katika umri ule, tofauti ya hatua ishirini na safari ya siku nzima ni kubwa sana. Mambo mengi ya ujana yamekufa njiani kwa sababu njia ilikuwa ndefu.

Tulipendekezewa pia kwamba ampe mwuza pikipiki wa mjini, naye amuuzie amtakaye, ili mkono wa ndugu yetu uwe safi. Hili hatukulikataa wala hatukulipenda. Ikiwa mwuzaji huyo atamuuzia mtu yeyote ajaye, basi uamuzi umehamishwa kwa mtu asiyemjua kijana, na hapo dhima imepungua kwa kweli. Lakini ikiwa ndugu yetu ajua kwamba kijana atakwenda duka lile lile kesho yake, hilo ni pazia tu. Lililo bora ni atafute mnunuzi mwenye umri na uzoefu wa vyombo vya namna hiyo, nao wako, hasa katika wale wapandao kwa makundi siku za mapumziko. Huyo amweleze lile lile: mimi naiacha kwa sababu hii. Mtu mzima akisikia kisha akanunua, amenunua na elimu.

Gharama ya njia hii ndugu yetu ameitaja mwenyewe. Tofauti ya bei ya kijana na ya mnunuzi wa pili si ndogo. Asema ni karo ya muhula mzima ya mtoto wake aliye bweni. Hatuna la kumfidia. Twaona tu kwamba ziada ile kijana aitoa kwa sababu ya ule ule uchu ambao ndugu yetu anaukimbia, na kwamba kuchukua fedha za ziada kwa uchu wa mtu uujuao ni mlo mgumu kumeza.

Limebaki jambo moja, dogo kwa sura. Ndugu yetu ameandika kwamba, iwapo tutamshauri asimuuzie, atamwambia kijana kwamba pikipiki imekwishauzwa, ili asimvunje moyo na ujirani ubaki mwema. Twamwomba asifanye hivyo. Kijana wa miaka kumi na tisa ni mtu mzima mbele ya sheria na mbele yetu. Ana haki ya kukataliwa kwa sababu ya kweli. Akiambiwa imeuzwa, atajifunza kwamba alichelewa, na mara nyingine atawahi. Amkaribishe barazani, ampe kahawa, amweleze yale ya miaka minne: ile alfajiri alipovuka kasi asiyotaka kuitaja, ile kona ambayo alipita kwa bahati, na kwa nini mkewe aliacha kumuuliza atarudi lini. Hayo ameyaandika kwetu, watu asiowajua. Amwonyeshe ile saa ya mizunguko, injini ikiwa imezimwa, na amweleze kile kipande chekundu kilivyokuwa kikimwita.

Kijana aweza kukasirika, akaona amedharauliwa. Aweza kusema, na itakuwa kweli, kwamba ndugu yetu alianza na umri kama wake na hakuna aliyemzuia. Asimjibu kwa hasira. Amwambie kwamba ile ya silinda mbili ikishafika ataipanda pamoja naye, kijana nyuma kwanza, kisha mbele, katika ile njia ya murram, mwendo wa pikipiki ya maziwa. Na kwamba msimu wa mvua ukipita na akiwa bado aitaka ya mbio, wazungumze tena na baba yake akiwepo. Na hati ya pikipiki asiiweke sebuleni.